Mita 721 za Ben Cleuch: kwa nini jua la asubuhi liliwadanganya

*Swali: Mimi na mume wangu tunaishi Glasgow na wote tunafanya kazi za zamu. Kabla ya kuhamia huku tulipanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu tukafika kileleni. Sasa tumeamua kutembea milima ya Uskoti mwaka mzima, ila ile isiyojulikana sana, maana Ben Nevis watu wamejaa. Mwezi wa kumi tulianza na Ben Cleuch kwenye safu ya Ochil, mita 721 tu. Simu ilionyesha jua na nyuzi 14. Juu tulikuta ukungu, mvua inayokuja kwa ubavu na upepo wa kusukuma mtu. Wifi yangu, aliyevaa jinzi na sweta ya pamba, alitetemeka, akawa mkali bila sababu, mwishowe akataka tukae chini tupumzike. Tulimshika mkono tukamshusha, akapona. Tulikosea wapi? Ni lazima tununue yale makoti ya pauni mia tatu? Na mwaka mzima tunaupangaje kwenye hali ya hewa isiyotulia hivi?*

Dada, mpe pole wifi yako, na umwambie ule ukali haukuwa tabia yake. Nitaurudia hapo chini, kwa sababu ndiyo dalili muhimu kuliko zote ulizoziandika.

Naelewa kinachokusumbua. Mmefika mita 5,895 mkarudi salama, halafu kilima ambacho kilele chake kiko chini ya lango la Marangu mlipoandikisha majina kinawatoa jasho la hofu. Hata Ben Nevis yenyewe, mlima mrefu kuliko yote Uingereza, ina mita 1,345, nayo haifikii lango hilo. Ndiyo maana wengi wetu tunaotoka Afrika Mashariki tunaipima milima ya huku kwa kipimo kisichoifaa. Kilimanjaro iliwapima mapafu: hewa ni nyepesi, mwili unahitaji siku kadhaa kuzoea, na ninyi mlipewa siku hizo, pamoja na kiongozi ambaye sheria inamtaka awepo, wapagazi waliobeba nguo kavu, na njia ambayo hata kipofu angeifuata. Siku ya kwanza mlitembea ndani ya msitu, na msitu ni ukuta wa upepo. Ochil haina msitu huko juu. Ni nyasi tupu hadi kileleni, kwenye nyuzi 56 kaskazini ya ikweta, na upande wa magharibi bahari ya Atlantiki haiko mbali. Hewa ya kuvuta ipo tele. Kinachowapima huku ni kasi ya joto kuwatoka mwilini.

Tufanye hesabu ya siku yenu. Kadiri unavyopanda, hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 0.65 kila mita 100. Nyuzi 14 za Tillicoultry, mji ulio chini ya mlima huo, zinakuwa 9 au 10 kileleni. Hapo bado hakuna tatizo. Weka sasa upepo wa kilomita 50 kwa saa, ambao kwenye migongo ya Ochil mwezi wa kumi ni jambo la kawaida: ngozi kavu iliyo wazi itahisi nyuzi 4 au 5. Sababu ni kwamba mwili hujitengenezea utando mwembamba wa hewa ya uvuguvugu juu ya ngozi, na upepo unauondoa utando huo kila unapojengeka, kama unavyopuliza chai kwenye kisahani ili uinywe haraka. Kisha loweka nguo. Maji hupitisha joto takribani mara 25 kuliko hewa iliyotulia, na pamba hunywa maji ikayashikilia. Jinzi ya wifi yako ilikuwa inamvuta joto mapajani, kwenye misuli mikubwa inayofanya kazi, kila hatua aliyopiga.

Kwa hiyo kosa halikuwa kwamba kulikuwa na baridi kali. Haikuwepo. Watu wengi wanaopatwa na kupoa kwa mwili, yaani hipothemia, kwenye vilima hivi hupatwa katika nyuzi ambazo mjini wangetoka na shati. Upepo na maji vikikutana, nyuzi 8 zinatosha.

Sasa ule ukali. Joto la ndani ya mwili linapoanza kushuka kuelekea nyuzi 35, ubongo ni miongoni mwa vinavyoyumba mapema. Mtu hukasirika ovyo, au hunyamaza kabisa. Vidole vinashindwa kufunga zipu, anajikwaa pasipo na jiwe, maneno yanaanza kumburuzika. Baada ya hapo huja hamu ya kukaa, na ndiyo inayoua, kwa sababu anayekaa kwenye upepo akiwa amelowa anapoteza joto lote ambalo kutembea kulikuwa kunalitengeneza. Wifi yako alikuwa bado anatetemeka, bado anajibu, bado anatembea. Kwa hali hiyo mlifanya sawasawa kumshusha. Ingekuwa bora zaidi mngesimama kwanza dakika tano nyuma ya ule ukuta wa mawe uliopo kileleni, mkamvua sweta iliyolowa, mkamvisha kitu kikavu na koti juu yake, mkamlisha chokoleti au tende, ndipo mkashuka. Kutetemeka kunachoma sukari. Mwili usio na sukari hauwezi kutetemeka kwa muda mrefu.

Mambo hubadilika kabisa iwapo kutetemeka kunakoma huku mtu bado amepoa, au amechanganyikiwa, au hawezi kusimama. Huyo hashushwi kwa miguu. Mlaze taratibu, weka mkoba au kamba chini yake asiguse ardhi, mfunikeni, mkae naye karibu, na mpige simu. Msimsugue mikono na miguu, na msimpe pombe, maana pombe hufungua mishipa ya ngozini ikaruhusu joto litoke. Namba ni 999: omba polisi, kisha sema unahitaji uokoaji wa mlimani. Timu za Uskoti ni za watu wa kujitolea na hakuna bili itakayofuata. Wasiliana ukiwa bado na chaji, usingoje giza. Mahali ambapo mtandao ni dhaifu ujumbe mfupi hupenya kuliko sauti, ila simu yako lazima uwe umeisajili kabla, kwa kutuma neno "register" kwenda 999. Fanya hivyo leo ukiwa kwenye kochi. Na kama hakuna mtandao kabisa, filimbi: mlio mara sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia.

Tuje kwenye simu iliyosema jua. Haikusema uongo. Ilikuambia habari za mji, na mji uko bondeni. Programu za kawaida za hali ya hewa hazimwelezi mtu kilicho mita 650 juu ya paa la nyumba. Kuna utabiri unaotolewa mahsusi kwa ajili ya milima, bila malipo: ule wa Mountain Weather Information Service, ambao wengi huuita MWIS, na ule wa milima wa Met Office, idara ya hali ya hewa ya Uingereza. Mtu akiniuliza ausome vipi, namwambia upepo kwanza, ukungu wa pili, mvua ya tatu, joto mwisho. Watu hufanya kinyume: wanatazama kale kapicha ka jua au wingu, basi.

Upepo unatangulia kwa sababu nguvu yake haiongezeki sambamba na kasi. Kasi ikiwa mara mbili, msukumo unakuwa mara nne. Maili 20 kwa saa ni usumbufu wa kofia tu. Maili 30 inachosha, na mazungumzo yanakufa. Maili 40 inamyumbisha mtu mwepesi, na dharuba za maili 50 na zaidi humwangusha mtu mzima chini. Hizo ni kasi za kileleni. Bondeni unaweza kuwa unapita upepo wa nusu yake, hata pungufu. Tena upepo hubanwa na kuharakishwa kwenye matuta na kwenye mapengo kati ya vilele viwili, kwa hiyo unaweza kuteseka zaidi pale kwenye mtelemko wa katikati kuliko kileleni penyewe. (Kituo cha kilele cha Cairn Gorm kiliwahi kurekodi dharuba ya maili 173 kwa saa, Machi 1986. Hiyo si ya kutembea, ni ya kukaa ndani na kuomba paa libaki.) Kwa ninyi mnaoanza, mpaka wangu ni maili 25 hadi 30 kileleni. Zaidi ya hapo tafuteni matembezi ya bondeni au msituni.

Na kubadilika kwenyewe kuna utaratibu wake. Mifumo ya mgandamizo mdogo wa hewa hutoka Atlantiki ikielekea mashariki, mmoja nyuma ya mwingine, na kati ya mmoja na mwingine kuna nafasi ya masaa machache yenye anga safi. Asubuhi yenu ya jua inafanana sana na nafasi hiyo. Dalili ya mfumo unaofuata huanza juu sana: mawingu membamba kama nywele, pengine duara kuzunguka jua, kisha anga linakuwa jeupe kama maziwa. Mawingu yanashuka, upepo wa kusini unaongezeka, na mvua ya kutulia inaanza. Baadaye hupita kipindi cha uvuguvugu, manyunyu na ukungu mzito. Halafu mpaka wa hewa baridi unafika: mvua kubwa ya ghafla, upepo unageuka kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-magharibi, na joto linashuka ndani ya dakika chache. Nyuma yake anga hung'aa, na hapo ndipo picha nzuri hupigwa. Milima nayo inachangia: inailazimisha hewa yenye unyevu ipande, hewa inapoa, wingu linazaliwa palepale juu ya vichwa vyenu hata kama kilomita kumi kutoka hapo watu wanaanika nguo. Mkishajua mfuatano huu, mtaacha kuuliza "kesho kutakuwa na mvua?" na kuanza kuuliza "inaingia saa ngapi?" Mnaofanya kazi za zamu mna bahati hapa. Wenye Jumamosi peke yake hulazimika kwenda siku waliyopewa. Ninyi mnaweza kuchagua Jumanne nzuri. Chagueni siku kwanza, mlima uje baadaye.

Jambo moja hukuliuliza lakini linawahusu sana, nalo ni huo uamuzi wa kwenda kusikojulikana. Naupenda. Milima 282 ya Uskoti inayozidi futi 3,000, ile inayoitwa Munro kwa jina la Sir Hugh Munro aliyechapisha orodha yake mwaka 1891, ina wafuasi wengi, na wafuasi hao wamechimba njia kwa buti zao. Vilima vya chini havina wafuasi wengi hivyo. Njia huanza vizuri kwenye geti la shamba, ikaingia kwenye nyasi, ikagawanyika mara tatu kwa miguu ya kondoo, ikapotea. Vilele vyenyewe, hasa kusini, ni vipana na vya mviringo. Kwenye ukungu kila upande unaonekana kuwa ni mtelemko wa nyumbani. Na mtu akiteguka mguu, hakuna atakayepita hapo baada ya nusu saa.

Dawa yake ni ramani ya karatasi na dira, na kujua kuvitumia. Simu iwepo, ndani ya mfuko wa kifuani inakopata joto, kwa sababu baridi hula betri, na skrini iliyolowa haimsikilizi mtu. Kisha jifunzeni kuchagua milima yenye kitu cha kushika. Kusini mwa Uskoti uzio na kuta za mawe hufuata migongo ya milima kilomita kwa kilomita, na kwenye ukungu uzio ni bora kuliko macho. Broad Law, mita 840, unaipanda kutoka Megget Stone, ambako barabara imeshakufikisha mita 450 hivi, na uzio unakuongoza hadi juu. Merrick, mita 843, kilele kirefu kuliko vyote vya kusini, huanzia kwenye Jiwe la Bruce kule Glen Trool. Ukishafika Benyellary, kilele kidogo kilicho njiani, unaokota ukuta wa mawe unaokupitisha kwenye tuta jembamba kuelekea kileleni. White Coomb ni nzuri vilevile, mita 821, lakini kuifikia kwa njia ya maporomoko ya Grey Mare's Tail inabidi kuvuka kijito. Siku kavu mnaruka mawe. Baada ya mvua kijito hicho hicho kinakuwa mto, na kinaweza kuwa kimebadilika kati ya saa ya kwenda na saa ya kurudi. Maji yakiwa ya kahawia na yanapita goti, rudini. Kukata tamaa mapema hakumpunguzii mtu heshima.

Kuhusu muda, kuna kanuni ya Naismith, mpanda milima wa Uskoti aliyeitoa mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza dakika 10 kwa kila mita 100 za kupanda. Kilomita 10 zenye mpando wa mita 700 zinakupa saa tatu na dakika kumi, bila kupumzika wala kupiga picha. Penye matope ya mboji na vichaka vya heather, ongezeni theluthi nzima. Mboji ile nyeusi inaweza kumeza mguu hadi gotini, na hakuna atembeaye kilomita 5 kwa saa akiwa na buti moja mkononi.

Koti la pauni mia tatu hamlihitaji. Koti la kawaida lisilopitisha maji, lenye mishono iliyozibwa na kofia inayogeuka na kichwa chako, linatosha vilima hivi. Pesa ikibaki, nunueni suruali ya mvua, kitu ambacho karibu kila anayeanza hukiacha dukani kwa kuwa hakipendezi. Mapaja yaliyolowa ndiyo yaliyomwangusha wifi. Ndani ni fulana ya sintetiki au sufi, juu yake sweta ya flisi, na nyingine kavu ndani ya mfuko wa plastiki mkobani. Pamba ibaki nyumbani yote, pamoja na soksi na nguo za ndani. Kwa anayejifunika kichwa, mtandio wa pamba hulowa ukapoza shingo. Uvaliwe wa sintetiki au sufi, na kofia ya koti ije juu yake. Glovu ziwe jozi mbili. Tochi ya kichwani hata Juni. Na lile hema dogo la dharura lisilo na nguzo, ambalo watu wanne hujifunika wakakaa ndani yake: ni jepesi, bei yake ni sehemu ndogo ya lile koti, na ndani ya dakika chache joto la pumzi linabadilisha kila kitu. Ningenunua hilo kabla ya kitu kingine chochote baada ya buti.

Mwaka wenyewe ningeupanga hivi. Kuanzia Novemba hadi Januari mchana ni mfupi, jua la mwishoni mwa Desemba linazama kabla ya saa kumi alasiri, basi chukueni vilima vya nusu siku: Dumyat, mita 418, karibu na Stirling; West Lomond kule Fife, mita 522; au Scald Law kwenye Pentland, mita 579. Februari na Machi ni theluji iliyoyeyuka ikaganda tena, na nyasi za mteremko wa Ochil zikiganda zinateleza vibaya kuliko zinavyoonekana kwenye picha. Aprili hadi Juni ndicho kipindi chenu, mara nyingi ndicho kikavu zaidi. Wekeni humo Broad Law na Merrick, na Juni mtatembea hadi saa nne usiku bila tochi. Julai na Agosti kuna mvua za kutosha, kangaga zimefika kifuani, visubi siku zisizo na upepo, na kupe. Agosti hadi Oktoba ni msimu wa uwindaji kwenye mashamba makubwa. Sheria ya ardhi ya mwaka 2003 inawapa haki ya kupita kwa uangalifu, lakini someni vibao na mfuate njia zinazopendekezwa siku hizo.

Kuna mahali maneno yangu hayatoshi. Theluji na barafu zinahitaji shoka la barafu na kramponi, yaani meno ya chuma yanayofungwa chini ya buti, na kuvitumia hakujifunzwi kwa kusoma. Kuna kituo cha taifa cha mafunzo, Glenmore Lodge, karibu na Aviemore, na waongozaji wenye cheti wanaoweza kuwachukua siku moja. Siku moja ya mafunzo ya ramani na dira na mtu wa aina hiyo ningeiweka kabla ya Aprili. Kama kuna mwenye selimundu katika familia, asipande kabla ya kuzungumza na daktari wake, kwani baridi na upungufu wa maji huamsha maumivu. Pumu vilevile. Kupe jikagueni kila mnaporudi, nyuma ya magoti, kinenani, kwapani. Mng'oeni kwa kibano chake, moja kwa moja, bila mafuta wala moto. Upele wa ugonjwa wa Lyme, ambao huenezwa na kupe, vitabu vinauonyesha ukiwa duara jekundu, ila kwenye ngozi yetu unaweza kuonekana kama jeraha la kugongwa tu, zambarau au kahawia. Ukiona alama inayopanuka siku au wiki baada ya kupe, nenda kwa daktari wako na umtajie kupe. Asipoambiwa, anaweza asiufikirie.

Kuhusu wifi, msimpeleke tena Ben Cleuch sasa hivi. Mpeni Tinto mwezi wa tano, mita 711, si mbali na Glasgow, njia pana inayoonekana tangu Fallburn hadi lundo la mawe la kale juu. Mpeni suruali ya mvua kwanza. Na akianza tu kugomba njiani, simameni mumlishe.